Daftari la Maneno ya Loti

Sogeeni hapa karibu, maana sauti yangu leo haitafika mbali. Mumbua, niongezee mto mgongoni, hivyo, na umwambie kaka yako aingie ndani, asisimame pale kizingitini kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Ingia, Kaloki, keti hapa miguuni pangu. Nitasema Kiswahili, si kwamba nimeisahau lugha yetu, ila mke wako Habiba yuko hapa na sitaki aje kuhadithiwa na mtu mwingine niliyoyasema, na huyu Mutanu, mtoto wenu aliyelelewa Syokimau, Kikamba chake ni cha kusalimia na kuomba maji tu. Mutanu, simu inarekodi? Iache hapo juu ya kabati, usiishikeshike. Yale ambayo daktari aliwaambia kule nje hamjaniambia, lakini nimefundisha watoto miaka thelathini na minane, na uso wa mtu anayeficha kitu naujua hata nikiwa bila miwani.

Nitaanza na mali ili tuimalize, kwa sababu ni mali iliyowafanya mje wote siku moja. Shamba la Mwala, la marehemu baba yenu Wambua, ni lenu wawili: Kaloki upande wa mto, Mumbua upande wa barabara, mawe ya mpaka yameshawekwa na chifu anayajua. Mbuzi wote ni wa Mumbua, aliyewachunga na kunichunga mimi pia, na mtu asimwulize ni wangapi. Sasa hii nyumba tuliyomo, hii ya mawe hapa Mumbuni ambayo nasikia mmeanza kuipimia gorofa, nitaisema baadaye, kwa sababu haikuwa yangu. Siwezi kuisema bila kumsema aliyeniachia, na yeye siwezi kumsema mbele yenu bila kusema nilichomfanyia. Sijawahi kumwambia mtu. Hata baba yenu alikufa hajui.

Ninyi mlimwita Susu Loti, na mkadhani kila nyumba ina nyanya mmoja mweusi na mmoja mzungu. Jina lake kamili ni Lotte Bernheim. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Breslau, mji ambao wakati ule ulikuwa Ujerumani na leo uko Poland. Alifika Kenya mwaka wa 1939 akiwa na miaka kumi na minne, yeye na baba yake, kwa meli hadi Mombasa na kwa gari la moshi hadi Konza, ambako baba yake, wakili mwenye suti tatu, alipewa kazi ya kusimamia ng'ombe wa Mwingereza mmoja ingawa maishani mwake hakuwa amewahi kumgusa ng'ombe. Mama mtu alibaki nyuma na mdogo wake Loti, mtoto wa miaka saba aliyeitwa Emil, kwa kuwa Emil alishikwa na surua wiki ya safari na meli haikupakia mtoto mgonjwa. Wangefuata kwa meli ya mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa vita vikaanza. Waingereza wakamfungia baba yake kambini majuma kadhaa kwa kosa la kuwa Mjerumani, yeye aliyewakimbia Wajerumani, na yule msichana akabaki kwenye nyumba ya mabati kule Konza na wachungaji wa Kikamba na wake zao. Hao ndio waliompikia na kumfundisha kusema. Ndiyo maana Kikamba chake kilikuwa cha ng'ombe na cha jikoni, kizuri kuliko cha mapadre.

Alisoma, akawa mwalimu, akamzika baba yake Nairobi, kisha akaja hapa Machakos kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Mimi nilimkuta hapo mwaka wa 1964. Siku ya kwanza aliingia darasani na viatu vyake vya ngozi vilivyopasuka, akaandika sentensi moja ya Kikamba ubaoni, akatuuliza ni nani kati yetu aliyewahi kuiona lugha ya mama yake ubaoni. Hakuna aliyeinua mkono. Akasema, "Mtoto asiyelielewa neno analolisoma, huyo hasomi, anatoa sauti tu. Mmekuja hapa ili watoto wa Ukambani waache kutoa sauti." Maisha yake yote ya kufundisha yalikuwa hayo. Wakubwa kutoka Nairobi walikuja wakamwambia watoto waanze na Kiingereza mara moja, na yeye akawajibu kwa mihadhara na kwa barua, miaka nenda miaka rudi, mpaka wengine wakawa wakimkimbia kwenye mikutano.

Muhula wa pili mama yangu akafa. Mkuu wa chuo alisema nifanye mtihani kwanza. Loti hakubishana naye, alinichukua kwa gari lake, ile Peugeot ya kijivu, tukaenda kwetu Mwala, akaketi chini pamoja na wanawake siku mbili, mvua ikimnyea. Tulipomaliza kuzika aliniambia kando, "Ndila, mimi wangu sikumzika. Wewe wako umemzika, umeliona kaburi. Basi lia yote, usibakishe." Hapo ndipo nilipomsikia mara ya kwanza akimtaja mama yake. Toka siku hiyo sikuwa mwanafunzi wake tena, nilikuwa mtu wake. Likizo nilikaa hapa kwake. Nilipoanza kufundisha, jioni zangu zote na Jumamosi zangu zote zilikuwa zake, tukizunguka Masii, Wamunyu, hadi Matuu, tukisikiliza jinsi watoto wanavyosema ili tuandike vitabu vya kuwafundishia kusoma. Na sheria yake ilikuwa moja. Kila nilipompelekea daftari alinikemea, "Andika kilichosikika, usiandike unachodhani." Kama mtoto amekosea, andika alivyokosea. Kama neno hulijui, liandike hivyo hivyo kwa herufi zetu, siku moja atatokea anayelijua.

Nilimwomba mara moja anifundishe Kijerumani, maneno machache tu, ya kusalimiana. Alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini akasema, "Waliowachukua mama na Emil walitoa amri kwa lugha hiyo. Niliifunga, Ndila. Haitaingia kinywani mwangu tena." Na kweli, miaka karibu thelathini sikumsikia akitamka hata neno moja. Alihesabu kwa Kikamba, aligombana kwa Kiingereza, Ijumaa jioni aliwasha mishumaa yake miwili na kunong'ona kwa lugha ya maombi yao, na wewe Kaloki ulikuwa unauliza kama stima imepotea. Alikupakata hapa hapa, kwenye kile kiti, akakufundisha kusoma kabla hujaenda shule. Wewe unakumbuka zaidi yangu.

Nipe maji kidogo. Kidogo tu.

Mwaka wa 1993, mwezi wa tisa, kiharusi kikampiga akiwa bafuni. Tulimtoa hospitalini baada ya siku kumi, upande wa kulia umelala, ulimi mzito, nikamweka kwenye hiki chumba, kitanda chake kikiwa pale dirishani. Kiingereza ndicho kilichotangulia kwenda. Kiswahili kikafuata. Kikamba kilikaa kaa, asubuhi kinakuja, jioni kinaondoka, kisha nacho kikaenda. Nikaona kimya kimebaki. Halafu asubuhi moja akaanza kusema, haraka haraka, kwa lugha nisiyoijua, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya msichana. Ile aliyoifunga ndiyo iliyobaki.

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndipo nilipowaitia. Daktari alikuja nyumbani akamsikiliza, akaniambia nje, "Mwalimu, huyu mama anaongea lugha ya kwao. Nairobi kuna watu wake, kuna wazee waliotoka huko huko. Wapigie simu, mmoja wao aje akae naye hata siku moja." Nambari nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye kitabu chake cha simu, kwa mwandiko wake, na Nairobi ni mwendo wa saa moja na kidogo. Nilimwambia daktari nitapiga, na sikupiga. Nilijiambia ni kwa sababu aliichukia lugha ile na itakuwa aibu kumletea mtu wa kumwongelesha. Huo ni uongo niliojipikia mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliona wivu. Niliogopa atakuja mtu mwenye sura kama yake, aseme naye maneno mawili, na Loti amgeukie na asinitazame tena. Nilitaka aniishie mikononi mwangu, mimi peke yangu. Nilikuwa mwanamke wa miaka arubaini na minane, mwalimu, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na nilikuwa na wivu kama mtoto anayeletewa mdogo wake.

Nikafanya nilichofundishwa. Nilichukua daftari nikaandika kilichosikika, kila siku, kwa herufi zetu za Kikamba. Nililiandika jalada, Maneno ya Loti. Na neno lililokuja kuliko yote lilikuwa moja: muti. Muti, muti. Kutwa nzima. Wewe Habiba hujui, Mutanu labda hujui pia, lakini kwetu sisi muti ni mti. Nikafurahi! Nikasema, Kikamba kimerudi. Na nje ya dirisha, pale palipo na tangi la maji sasa, palikuwa na mparachichi alioupanda mwenyewe kwa kokwa mwaka ambao nchi ilipata uhuru. Nilikuwa nikisimama kando ya kitanda, mgongo wangu ukielekea dirishani, na yeye ananyosha ule mkono mzima, anasema muti, na mimi nageuka nauona ule mparachichi nyuma yangu. Nikasema anautaka mti wake. Tukambeba, mimi na baba yenu, kila asubuhi, tukamweka kwenye kiti chini ya ule mti kwenye upepo wa mwezi wa kumi, na akalia. Alilia mpaka machozi yakalowesha shuka. Tukamrudisha ndani, muti. Tukamtoa, analia. Mwisho nikasema mti huu haumpendezi tena, unamtisha, matawi yanakwaruza mabati, pengine anaona kitu humo. Nikamwita Musili, yule jirani mwenye msumeno wa mashine, nikamwambia aukate.

Loti alipiga kelele muda wote msumeno ulipokuwa ukilia. Nilifunga mlango na madirisha ili asisikie. Ulipoanguka, nikarudi nikakaa hapa kitandani, akanishika kidole, hiki, akanitazama, akasema, "Muti?" Nikamjibu kwa upole kabisa, nikasema, "Muti haupo tena, Loti. Tumeukata."

Hakusema neno tena. Siku ya tatu, Jumapili, watu wakiwa kanisani, akafa.

Ngojeni. Ngojeni kwanza... Mumbua, usilie kabla yangu.

Wayahudi wa Nairobi walikuja kumzika, wazee wengi wao, wanaume kumi na mmoja, na magari yao yakakwama kwenye tope pale chini na vijana wa hapa wakayasukuma. Hawakunilaumu kwa kutowaita mapema. Walimsomea maombi yao hapo nyuma ya nyumba, kwa kuwa aliandika kwenye wasia wake kwamba alale hapo. Mzee mmoja mwenye kofia alinijia akaniuliza kwa Kiingereza, "Alisema nini mwishoni?" Na mimi nikamjibu kwa Kiingereza vile vile kwamba alikuwa akiuulizia mti wake. Akatikisa kichwa, akanishika bega, akasema Loti alipenda mimea tangu zamani. Laiti ningelitamka lile neno kama lilivyotoka kinywani mwake! Mzee yule angelijua pale pale. Lakini siku hiyo nilisema nilichodhani.

Sasa wewe, Kaloki. Usiinamishe kichwa. Mwaka uliofuata ulikuwa na miaka ishirini na sita, kiwanda kimewaachisha kazi, unashinda hapa nyumbani unatazama ukuta, na kule stoo ulikuta magunia mawili ya karatasi kuukuu za Loti, yaliyokosa nafasi ndani ya masanduku yake ya bati. Ukayapeleka sokoni Marikiti ukayauza kwa wanaofungia vyakula. Sikujua. Nilinunua andazi kwa mama mmoja karibu na stendi ya magari, nikala, na nilipotaka kuitupa ile karatasi nikaona taipu ya Loti ninayoijua, ile yenye herufi e iliyovunjika. Ilikuwa nakala ya barua kwa Msalaba Mwekundu. Namtafuta ndugu yangu Emil Bernheim, aliyezaliwa 1932. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Anaogopa mbwa. Mafuta yalikuwa yamelala juu ya jina lake.

Nilizunguka soko lote nikiwa nimebeba magazeti, nikiwabadilishia wauza maandazi na wauza karanga, gazeti kwa karatasi, wengine wakanionea huruma, wengine wakacheka. Nilirudi na nusu gunia. Na nilipokukuta mbele ya bucha na wenzako, nilisema mbele ya watu wote kwamba afadhali ningekuzika wewe nikabaki na zile karatasi. Nililisema kwa Kikamba ili kila mtu aelewe. Ukaondoka siku hiyo hiyo ukaenda Athi River, ukaanza kazi kwenye saruji, na kwa miaka thelathini umekuja hapa kwa mazishi tu. Arusi yako sikuja. Habiba, ulinitumia picha ya mtoto wenu wa kwanza, nyuma umeandika kwa mkono wako, "Mama, huyu ni wako pia," na mimi nikaitia kwenye droo. Iko pale pale, chini ya Biblia. Naitazama. Sikuwahi kukwambia kwamba naitazama.

Nisikilizeni, sijamaliza. Mwezi wa pili mwaka huu alikuja msichana anaitwa Nzilani, mtu wa Matuu, aliyesomea Ujerumani na sasa anafanya kazi kwenye nyaraka za chuo kikuu huko. Alipata jina la Loti kwenye mihadhara fulani iliyochapishwa zamani, akafuatilia, akafika hapa na Mumbua akamkaribisha chai. Alikaa siku nne akifungua yale masanduku saba ya bati, karatasi moja moja, na glavu mikononi kama daktari. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba Msalaba Mwekundu walimjibu Loti zamani, mwaka wa 1958, kabla sijamjua. Mama na mtoto, walimwandikia, walipakiwa kwenye gari la moshi mwaka wa 1942, na majina yao hayaonekani tena mahali popote baada ya hapo. Alilijua jibu. Na baada ya kulipata aliendelea kuandika, kila mwaka, barua ile ile, kovu juu ya jicho la kushoto, anaogopa mbwa, mpaka Emil angekuwa mwanamume wa miaka hamsini.

Siku ya nne Nzilani akalifikia lile daftari. Akaniuliza, "Susu, hiki ni Kikamba cha wapi?" Nikamwambia si Kikamba, ni maneno ya Loti siku zake za mwisho, niliyaandika nilivyoyasikia, hakuna anayeyaelewa. Akaanza kuyasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mia isiti kaliti. Lasi di tia aufu. Nikaona anayarudia, na kila akirudia yanabadilika kinywani mwake, yanakuwa lugha. Kisha akafunga daftari.

Nikamwambia, "Sema."

"Susu, hebu tuendelee na masanduku."

"Nilikuwa mwalimu kabla mama yako hajazaliwa. Sema."

Akasema, "Hapa anasema anasikia baridi. Na hapa anasema mwache mlango wazi. Kila ukurasa, mwache mlango wazi." Na mimi, wanangu, nilikuwa nikiufunga kila siku.

Nikamuuliza, "Na muti? Alikuwa anataka nini na mti wake?"

Yule msichana akanishika mikono yote miwili, akapiga magoti hapo sakafuni. Akasema, "Susu, hii si mti. Ni Mutti. Ndivyo mtoto wa kwao anavyomwita mama." Akanionyesha kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe, muti komu, muti komu. "Mama, njoo," akasema. "Alikuwa anasema, mama, njoo."

Alikuwa akinitazama mimi. Mti ulikuwa nyuma yangu tu. Kila mara aliponyosha mkono alikuwa ananinyoshea mimi, niliyesimama pale na kikombe cha uji, na alichotaka ni niiname tu. Nami nikageuka nikaangalia dirishani. Mwanamke aliyeketi kwenye tope la Mwala siku mbili kwa ajili ya mama yangu, aliniita mama, na nikamwambia mama hayupo tena, tumemkata.

Tangu mwezi wa pili silali usingizi wa kweli. Chakula kikashindikana, na mengine mnayajua.

Basi ndiyo maana nilikuita, Kaloki, nikamwambia Mumbua akupigie mpaka uje. Wewe uliuza karatasi ambazo hakuna aliyekwambia ni za nini. Mimi nilimjua Loti ni nani, na nambari ya simu nilikuwa nayo, na nikakaa nayo. Miaka thelathini nimekubebesha lawama nzima ili nisiione yangu. Lile neno nililokutamkia mbele ya bucha nalitoa. Nalitoa mbele ya mke wako na mtoto wako na dada yako. Sikuombi ulisahau. Nakuomba unisamehe, na kama huwezi leo, basi unisamehe hata nikiwa sipo, nitashukuru tu.

Kuna jambo lingine nalitaka kwenu. Mmeona kwamba nimeanza kupoteza majina ya vitu. Jana nilimwomba Mutanu kijiko nikakosa neno, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, likaja la Kikamba tu, na mtoto akaniletea kitambaa. Sikumkasirikia. Lakini niliogopa, nikajigeuza ukutani ili asione. Kama siku zitakuwepo bado, na nikabaki na Kikamba peke yake, mtu asiseme mzee amechanganyikiwa. Mumbua, mfundishe huyu mtoto maneno ya baridi, ya maji, ya mlango. Na nikimwita mtu mwaitu, mama yangu, awe ni nani aliye karibu, hata awe Habiba, hata awe mgeni, asigeuke kutafuta anayeitwa. Ainame. Aseme yuko hapa.

Nyumba. Nyumba ni yenu wote wawili. Mkitaka kuibomoa mjenge gorofa, jengeni, Loti hakuwahi kuabudu kuta. Lakini kaburi lake lisiguswe, wala pasimwagwe zege juu yake, na pawe na njia ya kufika bila kuomba ruhusa kwa mpangaji. Watu wao huweka kokoto juu ya jiwe. Wekeni.

Masanduku yote saba, na lile nusu gunia lenye mafuta, na daftari, ni ya Nzilani ayapeleke kwenye nyaraka. Daftari lisifichwe kwa aibu yangu. Liende hivyo hivyo, na kosa langu ndani. Karatasi moja tu ibaki, ile ya andazi, hiyo ni ya Kaloki akitaka. Asipotaka, iende na nyingine. Nzilani anakuja Jumanne. Mkiwa kwenye matanga, msimrudishe. Mpeni chai, mpeni mahali pa kukaa, Mutanu amsaidie kubeba, na asikilize akiambiwa kitu.

Mimi mnizike Mwala, kando ya mama. Si kando ya Loti. Ningependa, lakini sistahili kumlalia karibu... la, msinibishie. Mwala. Jeneza la kawaida. Mchungaji asizidishe nusu saa.

Nimechoka sasa. Habiba, nifute hapa kwenye kidevu. Asante, mama. Una mikono myepesi.

Mumbua, Mungu akupe mtu wa kukuchunga kama ulivyonichunga. Sina zaidi, na wewe hukuwahi kuomba zaidi. Mutanu, soma. Soma chochote, lakini uelewe unachokisoma. Habiba, nyumba yako isikose sauti za watu. Picha... mtoe kwenye droo. Mweke ukutani.

Kaloki. Njoo huku mbele. Karibu zaidi, sikuoni vizuri. Nipe mkono, huu wa kulia, ufungue. Baba yangu alitutemea mate kiganjani siku aliyoondoka, watoto wote sita, mmoja mmoja, ndiyo baraka yetu, hata kama mchungaji hapendi. Wewe ni wa kwanza. Kaa hivyo. Hivyo hivyo...

Hayaji. Kinywa kimekauka, mwanangu, hakuna kitu. Subiri kidogo.

Subiri...

Basi pokea pumzi. Hii hapa. Funga mkono.